Mtoto Akizidiwa Usiku Ngara na Biharamulo: Cha Kutazama, Pa Kwenda, Cha Kusema

Mzazi ambaye mtoto wake wa mwaka mmoja, miwili au mitatu amechemka usiku wa manane hujiuliza swali moja: tuondoke sasa hivi, au tungoje kupambazuke? Ni swali gumu. Zahanati ya kijiji imefungwa, bodaboda ni wa kuamshwa, na barabara ya kutoka Keza au Nyantakara usiku si ya kuchezea. Makala haya yanaanza na swali hilo, kisha yatakusindikiza hadi kwenye geti la hospitali na kukurudisha nyumbani.

Wengi wetu hupima ugonjwa kwa kiganja juu ya paji la uso. Kiganja kinasema kweli kwamba homa ipo, ila hakisemi kama ni homa ya kuua. Mtoto mwenye nyuzijoto 39 anayenyonya, anayekunywa uji na kugeuka ukimwita jina lake anaweza kuwa salama kuliko mwenzake mwenye 38 aliyelegea kama kitambaa kilicholoa. Kwa hiyo usiulize tu "amechemka kiasi gani?" Uliza "bado anaweza kufanya nini?" Swali hilo hata bibi asiyejua kusoma kipimajoto anaweza kulijibu kwa mwanga wa tochi ya simu.

Ziko dalili 4 ambazo wahudumu wa afya nchini hufundishwa kuziita dalili za hatari, na ukiona hata moja tu, hakuna kungoja asubuhi. Ya kwanza, mtoto hawezi kunywa wala kunyonya. Si kwamba anakataa kwa deko; umempa ziwa au kijiko cha maji na hawezi kumeza. Ya pili, anatapika kila kitu, hata maji matupu hayakai tumboni. Ya tatu, amepata degedege: mwili unakakamaa au kutetemeka, macho yanageuka, haitiki. Iwe imetokea jioni na ikaisha, bado inahesabika. Ya nne, amelegea kupita kawaida au haamki vizuri. Ukimwita na kumtekenya unyayo, anafumbua macho kidogo na kuzama tena.

Baada ya hizo, tazama kifua. Mvue nguo ya juu mtoto akiwa ametulia, halii, halafu hesabu pumzi zake kwa dakika 1 nzima ukitumia saa ya simu. Tumbo kupanda na kushuka ni pumzi moja. Kwa mtoto wa kuanzia mwaka 1 hadi miaka 5, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Kwa mwenye miezi 2 hadi 11, mpaka wake ni 50. Tazama pia sehemu ya chini ya mbavu. Ikiwa inabonyea ndani kila anapovuta hewa, au anakoroma na kutoa sauti kali akiwa ametulia, huenda mapafu yameshambuliwa, yaani nimonia, au njia ya hewa imebana. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuhitaji hewa ya oksijeni, na oksijeni haiko nyumbani wala dukani.

Kisha fungua kiganja chake, ukilinganishe na cha kwako. Kiganja kilichopauka hadi kuwa cheupe maana yake damu imepungua sana. Kwetu mkoani Kagera jambo hili ni la kawaida kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu malaria hula damu ya mtoto taratibu kwa wiki nzima, halafu usiku mmoja anaishiwa nguvu ghafla. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliwapima watoto wenye umri chini ya miaka 5 ukakuta takribani asilimia 18 ya wale wa Kagera wana vimelea vya malaria, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 8 hivi. Ndiyo maana mkoani kwetu kila homa ya mtoto hupimwa malaria, hata kama ana mafua yanayoonekana wazi.

Kama anaharisha, angalia macho kama yameingia ndani, kama analia bila machozi, kama mkojo umekatika tangu mchana. Finya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili kisha iachie. Ikichelewa kurudi mahali pake, maji ya mwili yamepungua vibaya. Damu kwenye kinyesi, shingo iliyokakamaa, upele wa madoa ya damu, kunywa mafuta ya taa au dawa ya kuua wadudu, kuumwa na nyoka, kuungua eneo kubwa: hayo yote ni safari ya usiku huohuo. Na ikiwa mgonjwa si huyu anayetembea bali ni mdogo wake mwenye umri chini ya miezi 2, homa peke yake inatosha. Usingoje dalili nyingine.

Nani, basi, anaweza kungoja asubuhi? Ni mtoto mwenye homa ambaye anakunywa, anakutazama, anapumua vizuri, viganja vyake havijapauka, na homa ikishuka kidogo anataka kucheza. Huyo mpe paracetamol ya maji kwa kipimo cha uzito wake kilichoandikwa kwenye chupa au alichokupa mhudumu, kila baada ya saa 6 akihitaji, isizidi mara 4 kwa siku. Usimpe aspirini. Mpe vinywaji mara kwa mara, mpunguzie nguo, usimmwagie maji baridi. Mwangalie kila saa, na kukipambazuka muwe wa kwanza zahanati, maana kipimo cha malaria hakitakiwi kuchelewa zaidi ya siku moja tangu homa ianze.

Neno moja kuhusu dozi za dukani. Inasikitisha kuona mzazi ananunua nusu ya dozi ya dawa mseto ya malaria usiku kwa sababu hela ni kidogo, au anampa mtoto vidonge vilivyobaki vya kaka yake. Watafiti wamethibitisha kuwa huku Kagera, hasa Karagwe, vipo vimelea vya malaria vinavyochelewa kufa kwa dawa za kundi hili. Dozi ya nusu inaviacha vile sugu vikiwa hai. Kama huna fedha ya dozi nzima, hiyo ni sababu nyingine ya kwenda kituo cha serikali, ambako kipimo cha malaria na dawa yake kwa mtoto mdogo hutolewa bila malipo.

Kabla ya kutoka nyumbani

Umeamua kuondoka. Wakati bodaboda anaamshwa, kuna dakika kumi za kutumia vizuri.

Kama mtoto anaweza kumeza, mnyonyeshe. Kama hanyonyi tena, mpe maji ya sukari: kikombe cha mililita 200 za maji safi na vijiko vidogo 4 vya sukari visivyojaa kilele, ukoroge mpaka iyeyuke, umnyweshe kidogo kidogo. Mtoto mgonjwa ambaye hajala huishiwa sukari mwilini, na sukari ikiisha ubongo unazimika kama ilivyo kwa malaria yenyewe. Safari kutoka Murusagamba au Kalenge ni ndefu. Maji haya yanaweza kumfikisha. Lakini asiyeweza kumeza usimwekee chochote kinywani, kitaingia kwenye mapafu.

Kama anaharisha, fungua pakiti ya ORS, ile dawa ya chumvichumvi na sukari, uichanganye yote kwenye lita 1 ya maji safi. Usiigawe pakiti kwa makisio. Kila anapoharisha, mwenye umri chini ya miaka 2 mpe mililita 50 hadi 100, mkubwa zaidi 100 hadi 200, kwa kijiko au kwa mafunda madogo. Akitapika, pumzika dakika 10 kisha endelea polepole. Chukua chupa hiyo, aendelee kunywa njiani.

Akiwa kwenye degedege, mlaze ubavu chini au kitandani, mahali asipoweza kuanguka wala kugonga kichwa. Usimtie kijiko kati ya meno, usimmwagie maji, usimshike kwa nguvu. Tazama saa ilipoanza na ilipoisha, daktari atauliza. Ikikatika, ondokeni. Ikizidi dakika 5, ondokeni hivyohivyo akiwa amelala ubavu mikononi mwa mtu mzima.

Hapa lazima tuseme kuhusu mambo ambayo majirani watashauri kwa nia njema. Wako watakaosema degedege ni ya shetani au ya mdudu arukaye usiku, na kwamba mtoto huyo akichomwa sindano atakufa. Imani hii imeenea sehemu nyingi za Tanzania, na chanzo chake kinaeleweka: zamani mtoto alifikishwa hospitali akiwa tayari kwenye pumzi za mwisho, akachomwa sindano, akafariki, na lawama ikaangukia sindano. Leo sindano ndiyo inayookoa wengi wao. Wako pia watakaosema kikohozi ni kimeo, kikatwe, au kuharisha ni "meno ya plastiki", yang'olewe. Kimeo ni kinyama cha kawaida kooni ambacho kila mmoja wetu anacho. Hayo yaitwayo meno ya plastiki ni vichipukizi vya meno ya kawaida chini ya fizi. Kuvikata kwa wembe au spoku ya baiskeli humwachia mtoto kidonda, damu na usaha juu ya ugonjwa aliokuwa nao. Kama familia inataka kuomba dua au kumwita mzee, na iombe mkiwa njiani.

Jingine ni ruhusa. Katika nyumba nyingi mama hawezi kuondoka mpaka baba wa mtoto, aliyeko machimboni au mnadani, apokee simu, au mpaka mama mkwe akubali. Mazungumzo hayo yafanyike mchana, mtoto akiwa mzima. Mkubaliane kabisa kwamba ikitokea dalili ya hatari, yeyote aliye na mtoto anaondoka naye, taarifa zitafuata. Wekeni na akiba ndogo ya nauli ambayo haiguswi kwa sukari wala sabuni. Andikeni namba za bodaboda wawili mnaowafahamu. Mmoja anaweza kuwa amezima simu.

Vitu vya kubeba ni vichache: kadi ya kliniki ya mtoto, kadi ya bima kama ipo, dawa zote alizokwisha kupewa pamoja na makasha yake (hata za mitishamba, hakuna atakayekuchapa), khanga mbili, kikombe na kijiko, chaja, na nguo yako ya kubadilisha. Kama amekunywa sumu, beba chombo kilichokuwa na sumu hiyo na usimlazimishe kutapika. Na ikiwezekana waende watu wazima wawili. Sababu ya mtu wa pili utaiona mbele.

Pa kwenda

Zahanati nyingi hufanya kazi mchana tu. Lakini mhudumu mara nyingi anaishi jirani, na kwa mtoto mwenye dalili ya hatari si utovu wa adabu kumgongea mlango. Anaweza kupima malaria, na kama mtoto hawezi kumeza, kumwekea kwenye njia ya haja kubwa kidonge cha artesunate, dawa ya kupunguza makali ya malaria akiwa safarini. Hapo ndipo wazazi hukosea: mtoto anapata nafuu, wanarudi kulala. Kidonge hicho ni cha kumvusha tu. Bila matibabu kamili hospitalini malaria hurudi na nguvu zake. Kama zahanati ni mbali au haiko njiani kuelekea hospitali, iache, nenda moja kwa moja.

Kituo cha afya kina zamu ya usiku na vitanda vya kulaza. Juu yake ni hospitali. Kwa Ngara, kuna Hospitali ya Wilaya ya Nyamiaga, kuna Murgwanza ya Kanisa Anglikana jirani na mji wa Ngara, na kuna Rulenge ya Kanisa Katoliki, ambayo ndiyo tegemeo la watu wa upande ule. Kwa Biharamulo, Hospitali Teule ya mjini Biharamulo ndiyo inayojulikana zaidi. "Teule" maana yake ni hospitali ya kanisa ambayo serikali imeiteua itoe huduma za hospitali ya wilaya. Mtu wa Nyakanazi au Lusahunga aulize mapema, mchana, kituo kipi cha karibu kinalaza watoto na kina damu. Na wewe wa ng'ambo ya Ruvuvu unayetegemea kivuko, ujue saa yake ya mwisho. Mtoto anayeanza kulegea jioni ni wa kuvushwa jioni hiyohiyo.

Watu huuliza juu ya namba 115. Hiyo ni namba ya bure ya mpango wa m-mama, uliotangazwa kitaifa mwaka 2022, unaompatia usafiri wa dharura mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga. Mtoto wa miaka miwili hayumo, hivyo usikae ukingojea gari hilo. Kwa ushauri wa afya, kituo cha simu cha Wizara ya Afya ni 199, bila malipo. Ambulensi, kwa kawaida, huitwa na kituo cha afya kwenda hospitali, si kutoka nyumbani. Kwa hiyo safari ya kwanza ni jukumu la familia, na mara nyingi ni bodaboda.

Patana nauli kabla ya kupanda na umwambie dereva kwamba ni mgonjwa. Wengi wana utu. Mtoto asibebwe mgongoni. Abebwe kifuani, katikati ya dereva na mtu mzima, amefunikwa khanga lakini uso wazi ili uone anavyopumua. Milima ya Ngara ina baridi kali usiku, na upepo wa pikipiki humpoza mtoto mdogo upesi, kwa hiyo kule kumpunguzia nguo kwa ajili ya homa kuishie nyumbani. Wakaazi wa zamani wanakumbuka miaka ambayo magari kwenye pori la Biharamulo yalisindikizwa na askari kwa hofu ya majambazi. Hali imekuwa nzuri zaidi, lakini ukipita penye pori usiku, mjulishe mtu unakotoka na unakokwenda, na kama zipo pikipiki mbili, zifuatane.

Getini na mapokezi

Getini utanawishwa mikono, huenda ukapimwa joto na kuulizwa maswali. Usikasirike. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg wilayani Biharamulo; watu 10 walihesabiwa kuugua, 2 wakithibitishwa kwa maabara na 8 wakidhaniwa, na wote walifariki. Uliisha rasmi tarehe 13 Machi mwaka huo. Miaka miwili nyuma, Machi 2023, Marburg ilikuwa imezuka upande wa Bukoba. Ndiyo sababu ya ndoo na maswali. Ukiulizwa kama kuna mtu nyumbani aliyeugua homa na kutoka damu, au kama mmehudhuria msiba wa namna hiyo, sema ukweli. Mtoto hatafukuzwa, atatibiwa sehemu yake, na nesi atajikinga.

Sasa jambo ambalo naliona kubwa kuliko mengine yote katika safari hii: maneno yako ya kwanza. Usiku kunaweza kuwa na tabibu mmoja na manesi wawili kwa wodi zote, na foleni ina watu. Ukisema "shikamoo daktari, mtoto ana homa", utaambiwa ukae, kwa kuwa kila aliyeko kwenye benchi naye ana homa. Mwamkie, kisha taja dalili ya hatari: "Mtoto wangu amepata degedege saa 4 usiku, ikachukua dakika 3, na tangu hapo haamki vizuri." Au: "Hawezi kunyonya tangu jioni." Au: "Anapumua mara 60 kwa dakika." Sentensi moja kama hiyo inamvusha foleni, kwa sababu utaratibu wa kupokea watoto unataka wenye dalili hizo waonwe kwanza. Foleni haihusiki nao. Kama hali inabadilika mkiwa mmekaa, inuka, mwambie nesi tena, kwa sauti ya kusikika na bila ugomvi.

Kama Kiswahili kinakukwama kwa hofu, sema Kihangaza, Kishubi, Kisukuma au Kiha; mara nyingi atapatikana wa kutafsiri. Utaulizwa: homa ilianza lini, amekunywa nini, mkojo wa mwisho saa ngapi, dawa gani amepewa na saa ngapi, uzito wake, chanjo zake. Kadi ya kliniki inajibu nusu ya hayo.

Watakachofanya, na kwa nini

Watamtoboa kidole kupata tone la damu. Kipimo cha haraka cha malaria hujibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Watapima wingi wa damu, pengine na sukari. Wanaweza kumbana kidole kwa kifaa kidogo chenye taa kinachosoma kiasi cha oksijeni kwenye damu, hakiumizi. Akiwa na malaria kali atachomwa sindano ya artesunate alipofika, nyingine baada ya saa 12, nyingine baada ya saa 24 tangu ile ya kwanza, kisha kila siku mpaka aweze kumeza dawa mseto. Hapo utaelewa kwa nini hawezi kuchomwa sindano moja akaruhusiwa.

Ukikuta kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, usidai dawa ya malaria. Homa ina visababishi vingi, na nimonia huua watoto wengi. Usidai pia dripu. Dripu siyo chakula, wala siyo ishara kwamba amehudumiwa vizuri. Kwa mtoto aliyelegea kwa malaria au mwenye utapiamlo, maji mengi ya haraka kwenye mshipa yanaweza kumdhuru.

Akiishiwa damu ataongezewa, na hapo ndipo unapoona faida ya mtu wa pili. Benki ya damu ya wilaya huwa na chupa chache, na huenda ndugu wakaombwa kuchangia. Mchangiaji awe na miaka 18 au zaidi, uzito usiopungua kilo 50, asiwe mgonjwa. Damu yake hupimwa kwanza. Damu haiuzwi; yeyote anayekuomba hela ya damu kando ya korido anavunja sheria.

Gharama

Sera ya afya ya Tanzania ya mwaka 2007 inaweka watoto wenye umri chini ya miaka 5 kwenye kundi la msamaha: katika vituo vya serikali hawalipi kumwona daktari, vipimo wala dawa. Hospitali teule nazo huhudumia makundi ya msamaha kwa makubaliano na halmashauri, lakini hospitali nyingine za madhehebu na za binafsi zinaweza kutoza. Uliza dirishani: "Mtoto ana miaka miwili, msamaha unatumika hapa?" Na mtoto aliyezidiwa hutibiwa kwanza, habari ya pesa inafuata.

Tatizo linalowakuta watu ni dawa iliyokwisha stoo. Utaandikiwa karatasi ukanunue nje. Kabla hujatoka, uliza kwa upole kama ipo mbadala yake ndani na kama ni ya lazima usiku huu. Malipo yoyote halali hospitali ya serikali hupitia namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo unalipa kwa simu au kwa wakala, na unapata risiti. Hela ya mkononi bila risiti usitoe. Ukishindwa kabisa kulipa kitu kinachotakiwa, omba kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Kazi yake mojawapo ni kuwasikiliza wasio na uwezo. Malalamiko hupelekwa kwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, kisha kwa mganga mkuu wa wilaya.

Gharama inayoumiza zaidi ni nauli, chakula cha anayemuuguza, na siku za shamba zilizopotea. Bima hailipi hayo. Bado bima inasaidia: CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi 6, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaleta utaratibu mpya, hivyo ulizia kiwango cha sasa kwa mtendaji wa kijiji kabla ya msimu wa mvua, wakati hela ya mavuno ingalipo.

Wakisema apelekwe mbele

Rufaa kutoka hapa huenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bukoba, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Chato, iliyo jirani zaidi kwa mtu wa Biharamulo, au Bugando, Mwanza. Safari ya Mwanza imefupika: zamani ambulensi ilingoja kivuko cha Kigongo–Busisi, lakini tangu Juni 2025 magari yanapita juu ya Daraja la J.P. Magufuli. Kabla gari halijaondoka uliza mambo matatu: barua ya rufaa iko wapi, dawa ya mwisho amepewa saa ngapi, na kama ni mtoto wa oksijeni, mtungi una hewa ya kufika? Nesi hatachukia swali hilo.

Mkiruhusiwa kurudi nyumbani

Usiondoke kabla hujaelezwa ugonjwa ulikuwa nini, dawa ipi, kiasi gani, saa ngapi, kwa siku ngapi. Mrudishie nesi maelezo hayo kwa maneno yako mwenyewe uone kama mmeelewana. Mtoto wa kilo 5 hadi zisizofika 15 hupewa kidonge 1 cha dawa mseto kwa mara moja. Cha pili hufuata saa 8 baadaye, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Kimezwe na maziwa, uji wenye karanga au chakula chenye mafuta, ndipo dawa iingie vizuri mwilini. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi hiyo na urudi kuomba kidonge cha ziada. Kwa kuharisha, pamoja na ORS atapewa vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14, na wazazi wengi huviacha choo kikikauka siku ya tatu, vimalize.

Mlishe mara nyingi zaidi ya kawaida kwa wiki mbili. Mtoto aliyetoka wodini huwa mwepesi kuugua tena. Chandarua kiwe kizima na alale ndani yake usiku huohuo wa kurudi.

Na kama alichomwa artesunate, mrudishe kupimwa damu baada ya wiki moja, na tena baada ya wiki mbili, hata kama anacheza. Kwa baadhi ya watoto chembe za damu huendelea kupasuka siku nyingi baada ya vimelea kwisha. Ukiona mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, macho yamekuwa ya njano, au kiganja kimerudi kuwa cheupe, usingoje tarehe ya kurudi.